Malalamiko Dhidi ya Waumini Walioanza Kuimba Wenyewe

Kwaya ya Malaika Wakuu,
Ruangwa Mjini.
Jumatatu, msimu wa korosho.

Kwa Baba Paroko.
Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei (tafadhali asome akiwa ameketi).

YAH: WAUMINI KUIMBA KANISANI BILA KIBALI CHA KWAYA

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba, natumaini mafua yamekuachia na safari za vigangoni hazijakuchosha sana. Mimi mwilini sijambo. Kinachonisumbua kimeandikwa hapo juu kwa herufi kubwa, na kwa kuwa ni kizito nimeona nikiandike kwa kalamu. Ujumbe wa simu niliokutumia wiki iliyopita uliujibu kwa picha ya kidole gumba, na mimi kidole hicho bado sijakielewa.

Kwa faida ya Mwenyekiti, ambaye amechaguliwa juzijuzi, najitambulisha. Mimi ni Ladislaus, mwenyeji wa Mbinga, niliyehamishiwa huku na serikali kufundisha Jiografia. Siku za kazi ni mwalimu wa sekondari. Siku zote ni mwalimu wa kwaya ya parokia, pamoja na zile siku ambazo kwaya haijaniomba.

Ninacholeta mbele yenu, nimeulizia mpaka Nachingwea, hakijawahi kuletwa na mwalimu wa kwaya yeyote. Wenzangu wote hulalamika kwamba waumini hawaimbi. Wanakaa kimya kama wako kwa daktari wa meno. Mimi nalalamika kwamba waumini wanaimba, wanaimba wote, na hawataki kuacha.

Chanzo chake mnakijua. Kwa ruhusa yako, Baba, kwaya nzima ilikwenda Masasi kurekodi video. Tulipanga kukaa siku chache tukakaa Jumapili kadhaa, kwa sababu mimi nilitaka kila wimbo urudiwe, na mpiga picha alitaka tuimbe juu ya mawe, na waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa na viatu vya visigino. Kabla ya kuondoka nilifanya kama kiongozi makini. Nilichukua kinanda. Nilichukua spika. Kabati la vitabu vya nyimbo nikalifunga, ufunguo nikautia mfukoni. Nia yangu, naisema bila kuficha, ilikuwa parokia ipate kuonja Misa isiyo na kwaya, ili tukirudi tupokelewe kwa vigelegele.

Waswahili wana msemo kwamba paka akiondoka panya hutawala. Sisi tuliporudi tulikuta panya wameshachagua na katibu. Hivi sasa ziara ya Baba Askofu ya kutoa Kipaimara inakaribia, na Halmashauri itakaa Jumamosi kuamua nani ataimba siku hiyo: kwaya, au hao wengine. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yasomwe kabla ya kikao, na yasomwe kwa utaratibu nilioyapanga.

1. Kuimba bila mazoezi.

Kwaya yetu inafanya mazoezi jioni karibu zote za wiki. Besi nawasimamisha peke yao, nawaimbisha mstari mmoja mpaka jua linazama, halafu nawaambia bado. Waumini hawajafanya zoezi hata moja. Jumamosi wanatoka kuokota korosho mikono ikiwa imebabuka, wanakula, wanalala, wanaamka, wanaimba. Tena wanaimba vizuri, na hilo ndilo linalozidisha kosa. Mtu akiimba vibaya bila mazoezi unamsamehe, hakujiandaa. Akiimba vizuri bila mazoezi anatulazimisha wengine tueleze hayo mazoezi yetu yalikuwa ya nini. Nimeulizwa swali hilo na mke wangu Makrina, wakati wa chakula, nikaomba chumvi.

2. Bibi Felomena.

Samahani kumtaja mtu kwa jina, lakini hakuna namna. Huyu ni yule mjane wa Nandagala, mkulima wa ufuta, anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nimeambiwa kwamba Jumapili ile ya kwanza uliingia na watumishi wako kukiwa kimya, ukafika altareni bado kimya, ndipo Bibi Felomena akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa zamani ambao mimi niliuondoa kwenye ratiba mara tu nilipofika hapa, kwa sababu una sauti moja na kila mtu anaujua. Narudia, Baba: kila mtu anaujua. Wimbo wa namna hiyo utaupigiaje mazoezi?

Nilimfuata mpaka kwake kumweleza. Alinikaribisha kwenye mkeka, akaniletea karanga za kuchemsha, akanisikiliza mpaka mwisho wa somo langu juu ya ufunguo wa G. Halafu akaniambia, "Mwalimu, mie kuimba sijui. Mie nasali tu, sauti inatoka yenyewe." Nilimaliza karanga nikarudi mjini. Baadaye nilijaribu kuitafuta ile sauti anayoanzia kwenye kinanda. Iko katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo waliotengeneza kinanda hawakuweka kitu, na watu wote wanaingia hapo hapo bila kubishana.

3. Mwendo.

Nyimbo nilizozitunga zina alama za mwendo zilizo wazi. Waumini wana mwendo wao. Wanapiga makofi kama watu wanaokung'uta ufuta, wawili huku, mmoja kule, halafu wote, na ukikaa nao kwa muda mguu wako nao unaanza. Mguu wangu ulianza Jumapili iliyopita. Niliukanyaga kwa mguu wa pili. Makrina aliona, akatazama pembeni, na mabega yake nikayaona yanatikisika.

4. Amina.

Hapa naomba uwe na subira nami, maana ni jambo la kuumiza.

Unaufahamu wimbo wangu mpya wa Utukufu. Nimeutunga kwa miaka, usiku na likizo, na Amina yake peke yake ina kurasa nne. Tenori wanaipeleka, alto wanaijibu, besi wanaikataa, sauti ya kwanza wanaipatanisha, kisha wote tunaianza upya. Jumapili tuliyorudi kutoka Masasi tuliuimba. Tulipofika kwenye Amina ya kwanza, waumini wote wakaitika "Amina!" mara moja, kwa nguvu, kwa furaha, wakamaliza. Wewe ukasema, "Tuombe." Besi walikuwa bado wanaikataa.

Tenori waliacha. Alto wakaacha. Wewe uliendelea kuomba kwa heshima. Mimi huongoza nimefumba macho, kwa hiyo niliendelea kupunga mikono kwa muda ambao sipendi kuukadiria, mpaka mtoto mmoja wa benchi la mbele akacheka. Nilipofumbua macho nilikuta nimebaki peke yangu katikati ya ukurasa wa pili.

5. Sare.

Kwaya ina sare ya zambarau yenye utepe wa dhahabu. Alitushonea Fundi Nasri, jirani yetu Mwislamu ambaye kibanda chake kinatazamana na lango la kanisa. Waumini wanaimba na chochote walichovaa: khanga, koti la marehemu babu, jezi ya mpira. Nilikwenda kwa Nasri kumpa malalamiko haya kama mtu mwenye maslahi katika sare, nikitegemea aniunge mkono. Akasimamisha cherehani, akaniambia kwa upole wake wote, "Mwalimu, nyie mmeimba hapo mbele yangu miaka na miaka, sikuwahi kushika hata mstari mmoja. Sasa hivi ule wao wa sadaka nashona nao. Juzi mteja kaniuliza, fundi, umebadili dini? Nikamwambia hapana, nimebadili uzi."

Baba, fikiria hatari yake. Wimbo ambao hata fundi wa ng'ambo ya barabara ameushika umeshatoka mikononi mwa wataalamu. Mimi nyimbo zangu nimezilinda vizuri. Hata ile video ya Masasi, iliyoko mtandaoni kwa kila mtu, watazamaji wake wengi ni mimi mwenyewe nikikagua tai yangu.

6. Kuhujumiwa kutoka ndani.

Kornelia, sauti ya kwanza wetu, nguzo ya kwaya, ambaye bila yeye Utukufu wangu haupandi hata ngazi moja, Jumapili moja alionekana amekaa na wanawe kwenye mabenchi ya kawaida, akiimba na mdomo wazi. Nilimwita baada ya Misa. Alinijibu kwa adabu, nami namnukuu kwa uchungu: "Mwalimu, usinielewe vibaya. Kule kwenye kwaya nahesabu. Hapa naimba." Tangu siku hiyo sauti ya kwanza wawili wengine wamepata watoto wa kukaa nao, na mmoja wao najua hana mtoto, ameazima.

7. Mwenendo wa Paroko mwenyewe.

Hili naliandika nikiwa nimepiga goti. Nimekuona, Baba. Wakati wa komunyo umekuwa ukiimba nao. Si kutikisa midomo tu kwa heshima, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye nyimbo zangu. Unaimba, na shingo unaipandisha. Utangulizi wa Misa nao umeanza kuuimba kwa sauti ya Nandagala. Kama mchungaji anafuata kondoo, mimi mbwa wa mchungaji nibweke upande gani?

Kutokana na hayo, naleta maombi yafuatayo.

Kwanza, waumini waruhusiwe kusema Amina pekee, moja, fupi, sauti ya chini, baada ya kwaya kumaliza ya kwake.

Pili, muumini anayejisikia kuimba zaidi ya hapo aje kwangu kwa usaili, akiwa na barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake na picha ndogo ya rangi. Atapewa kitambulisho. Kitambulisho kitaonyesha ni nyimbo zipi na mpaka ubeti wa ngapi.

Tatu, Bibi Felomena apewe kazi ya heshima itakayomtoa kanisani kila wimbo unapokaribia kuanza. Anaweza kuangalia baiskeli.

Nne, kwa kuwa najua hata wakikatazwa kuimba watavumisha tu puani, na puani ndiko wanakoanzia, siku ya Baba Askofu waumini wakae uwanja wa shule, wafuate Misa kwa spika. Kanisani wabaki Askofu, wewe, kwaya na wale vijana wa Kipaimara, ambao wataapa kwanza kwamba hawatafungua mdomo.

Tano, nikiifuata hoja mpaka mwisho wake kama tunavyowafundisha wanafunzi, naona hata vijana hao si lazima. Wanakohoa. Wanaweza kupewa Kipaimara siku nyingine, kwa utulivu. Askofu naye ana desturi ya kuitikia. Misa bora kabisa, Baba, Misa ambayo Utukufu wangu utasikika kurasa zote bila kukatizwa na mtu, ni ile ambayo kanisani tutakuwa sisi peke yetu.

Najua utanijibu kwa Maandiko kwamba wote wenye pumzi wanatakiwa kusifu. Sina ugomvi na Maandiko. Lakini pumzi ina namna yake ya kuvutwa, kutoka tumboni, mabega yakiwa chini, na hilo linafundishwa, na anayelifundisha hapa Ruangwa ni mmoja.

Na hapo, Baba, ndipo penyewe. Naogopa. Nimeandika kurasa zote hizi kulizunguka neno hilo, bora niliseme. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi kwetu si hapa. Shuleni walimu tupo wengi, akihama mmoja analetwa mwingine na wanafunzi wanamwita jina lile lile la utani. Kiyao sijui, Kimwera nakisikia salamu tu, shamba la korosho sina. Kitu pekee kinachofanya watu wa mji huu waniite Mwalimu wakiwa wanatabasamu ni kwaya. Jumamosi mkiamua kwamba kuimba kunawezekana bila mimi, nitakuwa nani hapa? Mgeni mwenye kinanda. Nimewaza hili sana na usingizi umepungua, na Makrina amenishauri nikuambie wewe badala ya kuliambia dari.

Kwa hiyo naomba Halmashauri itende haki. Nisalimie Masista wote, mpishi wako, watumishi wa altare, na Katekista, ambaye naye nimemsikia akivumisha. Nisalimie walei wa Naipingo kama utapita huko, uwaambie kwamba noti za nyimbo walizoniomba ziko tayari ila ni ngumu. Wasalimie hata waumini. Usiwape salamu hizi kwa wimbo.

Ni mimi mtumishi wako katika Kristo, mwenye sauti nne na msikilizaji mmoja ambaye naye ana kazi nyingine za nyumbani,

Ladislaus,
Mwalimu wa Kwaya (mpaka Jumamosi).

N.B. Baba, barua hii ilikuwa mezani bado sijaifunga, nikingoja urudi kutoka Nambilanje. Jana asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mbinga. Mama yangu mzazi amefariki. Ndugu wananisubiri ndipo tuzike, na gari ninalopanda ni la kesho alfajiri.

Nilimwambia Makrina, na mkuu wa shule ili anipe ruhusa, basi. Kufika mchana uani kwangu hapakuwa na pa kukanyaga. Jumuiya zote zilikuja. Fundi Nasri alikuja na wenzake wa msikitini, wakafunga turubai bila kuniuliza linafungwa wapi. Kwaya nao walikuwapo, ila wametawanyika, mmoja hapa mmoja pale, huwezi kujua nani tenori na nani anachota maji. Bibi Felomena alifika na unga wake kichwani, akakaa kwenye mkeka karibu nami, akanishika mkono wa kulia, ule wa kuongozea. Halafu wakaanza kuimba.

Makrina anasema nisiiandike barua upya. Nikuletee hii hii ucheke kidogo, maana mwaka huu umezika wengi. Halmashauri isiisome. Siku ya Askofu waimbe wao, na kama watanihitaji kwa jambo lolote, nitakuwa nimerudi.

Nilitaka tu ujue hili, kwa kuwa hukuwapo. Ubeti wa pili niliukosea. Niliingia mapema, kwa maneno ya ubeti wa nne, kwa sauti kubwa, kisha nikalia. Unanijua mimi: mtu akikosea kwenye kwaya huwa namgeukia na kumtazama mpaka akose pa kuweka uso. Baba, hakuna aliyegeuka. Walibaki kwenye neno lile lile walilokuwa wamefika, wakalirudia, wakalirudia tena, taratibu, mpaka nikawafikia.